Kujifunza Kiindonesia na familia nzima: anzia kwenye Kiswahili chako

Familia za Kitanzania zinazojiandaa kuja Indonesia kwa masomo au kazi huniuliza mapema: tununue kitabu gani cha Kiingereza cha kujifunzia Kiindonesia? Huwa nawaambia Kiingereza wakiache pembeni. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili anayo tayari sehemu kubwa ya mantiki ya Kiindonesia, na akizungukia Kiingereza ataipoteza njiani. Mimi ni mtu wa Tanga. Tunaishi Sleman, kaskazini ya mji wa Yogyakarta, mimi, mume wangu anayesoma Universitas Gadjah Mada, na watoto wetu watatu. Maelezo haya ni ya mzazi anayekuja na watoto. Mwanafunzi wa bweni ana darasa lake na maktaba yake. Familia hujifunza kwa jirani, kwa shule, kwa jiko na kwa misiba.

Daftari la safu mbili

Nunua daftari kubwa, chora mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto Kiswahili, kulia Kiindonesia, na lugha ya tatu isiingie. Ukurasa wa kwanza uwe wa kukanusha:

Mimi si mwalimu. *Saya bukan guru.*
Sili nyama. *Saya tidak makan daging.*
Sijala bado. *Saya belum makan.*
Usile. *Jangan makan.*

Wageni wanaotokea lugha za Ulaya huchanganya maneno haya manne kwa muda mrefu. Sisi tunayatenganisha tangu tukiwa wadogo: *bukan* ni si, *tidak* ni ha- na si- za kitenzi, *belum* ni bado, *jangan* ni katazo. Hakuna la kukariri hapo ila sauti zake. Na *belum* ichukue kwa uzito wote wa bado ya nyumbani. Ukiulizwa kama umeolewa, kama una mtoto wa pili, kama umeshafika hekalu la Borobudur, jibu la adabu ni *belum*, hata kama huna mpango huo. *Tidak* mahali hapo husikika kavu mno, na mwenzako atabaki hajui aendelee vipi na mazungumzo.

Ukurasa wa pili ni nyakati. Kitenzi cha Kiindonesia hakibadiliki umbo kwa wakati wala kwa mtendaji. Unakiwekea neno mbele. *Sudah* inafanya kazi ya -mesha-, *sedang* ya -na-, *akan* ya -ta-, na *pernah* ni kuwahi: *Saya pernah ke Solo*, nimewahi kufika Solo. *Dia* ni yeye, mwanamume au mwanamke, kama kwetu. Sifa na mmiliki hufuata jina, kama kwetu: *rumah besar*, nyumba kubwa, *rumah saya*, nyumba yangu. Ngeli hakuna kabisa, pumzika.

Ukurasa wa tatu, viambishi, ndio unaowatisha watu, na ndio ninaoupenda. *Beli* ni nunua, *belikan* ni nunulia. *Buka* ni fungua, *terbuka* ni wazi, iliyofunguka. *Di-* mwanzoni mwa kitenzi ni kutendwa, na Waindonesia hupenda sana kutendwa, hasa wanapotaka kuomba bila kuamrisha: mwenyeji akisema *silakan diminum*, neno kwa neno amesema karibu kinywewe, yaani chai hiyo sasa mnaweza kunywa. Kiambishi *me-* hubadilisha herufi inayofuata: *tulis* inakuwa *menulis*, *sapu* inakuwa *menyapu*, *kirim* inakuwa *mengirim*. Anayesema mti mrefu na nyumba ndefu bila kufikiri hawezi kushangazwa na jambo hilo. Atahitaji mifano ya kutosha tu, basi sikio litashika.

Ukurasa wa nne acha wazi kwa vijineno vya mazungumzo, kwa sababu vitabu huvipa nafasi ndogo na watu huvitumia kutwa. *Kok* ni mbona: *Kok belum tidur?* Mbona hujalala? *Kan* ni ile si ya kukumbushana: *Kan sudah saya bilang*, si nilishakwambia. *Ternyata* ni kumbe. *Dong* ni basi ya kubembeleza: *Tunggu dong*, ngoja basi. Kila ukisikia kipya, usiulize maana yake. Uliza kinatumika lini, kisha jitafutie mwenyewe neno la Kiswahili linalokaa pale pale.

Kuna mahali Kiswahili hakitakusaidia, na ni vizuri upajue. Sisi tunasema sokoni kwa kila kitu: niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni. Kiindonesia kinatenganisha: *di pasar*, *ke pasar*, *dari pasar*. Na sisi yetu moja hapa ni mbili. *Kita* ni sisi pamoja na wewe ninayezungumza nawe; *kami* ni sisi bila wewe. Ukimwambia mgeni *kita makan*, umemkaribisha mezani. Ukimwambia *kami makan*, umemwarifu kwamba ninyi mnakula.

Matamshi. *C* ni ch, *sy* ni sh, *ny* ni ileile. *Ng* ya *dengan* ni ng' ya ng'ombe, wakati *ngg* ya *tinggal* ni ng ya ngoma. Andika hivyo hivyo daftarini, utawashinda wageni wengi wa hapa. Taabu yetu iko mwishoni mwa neno. Ulimi wa Kiswahili unataka irabu, kwa hiyo *tidak* inataka kuwa tidaki na *empat* inataka kuwa empati. Dawa yake ni kusema neno na kuzuia pumzi palepale: midomo ifungwe kwenye p, ulimi ubaki kwenye meno kwa t, koo lifunge kwa k. Fanyeni pamoja na watoto mkiwa kwenye gari au mnaosha vyombo. Kisha kuna ile e fupi ya *besar* na *selamat*, ambayo si e yetu wala si a. Maandishi hayaionyeshi, sikio pekee ndilo linaloifunza.

Saa nazo zina mtego wa ngazi mbili. Kwanza hawahesabu saa kama sisi: *jam tiga sore* ni saa tisa alasiri. Pili, *setengah empat* siyo nne na nusu. Ni nusu kuelekea nne, desturi iliyotoka kwa Waholanzi, kwa hiyo kwa saa yetu ni saa tisa na nusu. Mkialikwa, rudia saa kwa tarakimu kwenye simu ili mwenyeji aithibitishe. Ila *malam Jumat* haitamsumbua mtu wa pwani: ni usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama.

Maneno ya kufanana yapo mengi, yaliyotujia sote kwa Waarabu na Wareno: *meja*, *bendera*, *sabun*, *waktu*, *dunia*, *hakim*, na *kabar*, ambayo ndiyo salamu yao, *apa kabar*. Yafurahie lakini usiyaegemee. *Kuku* ni ukucha, na kuku wa kula ni *ayam*. *Dada* ni kifua. *Kali* ni mto, au mara, kama mara mbili. *Gereja* ni kanisa, wakati gereza letu tunalijua ni wapi, ingawa mzazi wa maneno yote mawili ni Mreno mmoja. Watoto watayashika haya kabla ya kitu kingine chochote, waache.

Utamwitaje mtu

Usimwite mtu mzima *kamu*. Wala *Anda* ya vitabuni haifai sana mtaani, ni ya matangazo na fomu. Mwite kwa cheo cha umri: *Pak* kwa baba, *Bu* kwa mama, *Mas* kwa kijana wa kiume, *Mbak* kwa msichana au dada. Mas na Mbak ni za Kijava; ukienda Bandung utasikia *Kang* na *Teh*, ukienda Padang *Uda* na *Uni*. Neno hilo ndilo linalokaa mahali pa wewe: *Ibu mau ke mana?* maana yake mama, unakwenda wapi. Wala usishangae kuulizwa unakwenda wapi na kila unayepishana naye. Hiyo ni salamu. Jibu *ke sana*, kule, au *jalan-jalan*, natembeatembea, inatosha.

Mzazi shuleni huitwa kwa jina la mtoto, kama mama Asha wa kwetu. Nalo jambo hilo ni la faida, kwa kuwa wiki ya kwanza tu utakuwa na jina ambalo kila mtu analijua.

Watoto wafundisheni *salim* kabla hawajajua kuhesabu. Mtoto hupokea mkono wa mkubwa, akainama na kuugusisha kwenye paji la uso au pua. Watoto wa pwani wanaobusu mkono wa bibi wakisema shikamoo hawana jipya la kujifunza hapo. Kwa mwalimu, kwa mzee wa jirani, kwa mgeni anayeingia nyumbani, wafanye. Nimeona wazee wakibadilika sura kabisa mtoto wa Kiafrika anapotoa salim bila kuambiwa, na kuanzia hapo mtoto huyo ni wa mtaa mzima.

Mengine yapitie haraka kwa sababu tunayo: mkono wa kulia wa kutoa na kupokea, viatu mlangoni, kutosimama mbele ya waliokaa. Ukilazimika kupita mbele ya wazee, inama kidogo, mkono wa kulia chini mbele yako, useme *permisi* au kwa Kijava *nuwun sewu*. Kuonyesha kitu kwa kidole cha shahada si adabu kwa Wajava. Tumia kidole gumba. Mikono kiunoni husomwa kama hasira. Na sauti ishushwe. Sisi tukifurahi tunapaza, wao wakifurahi wanatabasamu. Mnaweza kuonekana mnagombana wakati mnasimuliana habari njema.

Pak RT na nyumba kumi

Hapa ndipo lugha inapopatikana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtaa wa Indonesia umepangwa kwa RT, *rukun tetangga*, umoja wa majirani, na juu yake RW, inayokusanya RT kadhaa. Mfumo huu ulianza wakati wa utawala wa Wajapani kwenye vita ya pili ya dunia, ukabaki. Mlangoni mwa mitaa mingi utaona kibao: *tamu wajib lapor 1x24 jam*, mgeni lazima ajitambulishe ndani ya saa 24. Msingoje kuitwa. Nendeni wote kwa Pak RT, mwenyekiti wa RT, baba, mama na watoto, jioni baada ya Magharibi, mkiwa na nakala za pasipoti na vibali vya ukaazi, na kitu kidogo mkononi, biskuti au matunda. Semeni mnatoka wapi, mtakaa muda gani, mmepanga kwa nani. Mtapewa chai. Msiiguse mpaka mkaribishwe. Mkitaka kuondoka, mwenye kuomba ruhusa ni ninyi: *pamit dulu, Pak*, tunaaga. Bila neno hilo utakaa pale hadi usiku, maana mwenyeji hawezi kukuambia uende.

Mke wake, Bu RT, ndiye atakayekuingiza kwa wanawake wenzake. Omba uwekwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama. Kisha uliza habari ya *dasawisma*. Neno hilo ni nyumba kumi, na kwa Mtanzania halihitaji maelezo marefu: ni vikundi vya kina mama wa nyumba kama kumi zilizokaribiana, wanaofuatilia afya, usafi na shida za kila nyumba. Kama una mtoto chini ya miaka mitano, akina mama haohao watakupeleka *posyandu*, siku ya mwezi ya kupima uzito wa watoto hapohapo mtaani.

Kisha *arisan*. Ni upatu. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, majina yanakunjwa kwenye vikaratasi, yanatikiswa ndani ya glasi yenye kifuniko, la kuanguka ndilo linachukua. Ingia hata kama fedha ni ndogo. Mhazini husoma hesabu kwa sauti, na hakuna zoezi bora la tarakimu kuliko hilo, kwa kuwa hapa unasikiliza *ratus*, *ribu* na *juta* ukiwa na hamu ya kweli. Zingatia kwamba watu hukata maelfu wakizungumza bei: *lima belas*, kumi na tano, ni rupia 15,000. Arisan pia inakufundisha kukataa. Hutasikia hapana. Utasikia *nanti ya*, baadaye, au *kapan-kapan*, siku moja, au ndiyo iliyosemwa polepole mno. Ukisikia hivyo, usiulize mara ya pili mbele za watu.

Wanaume wana *kerja bakti*, msaragambo wa Jumapili asubuhi wa kuzibua mitaro na kufyeka nyasi, na *ronda*, zamu ya ulinzi wa usiku. Katika mitaa mingi ya Kijava kila nyumba hutundika kikopo mbele, ukaweka humo kijiko cha mchele au sarafu, walinzi wakapita kukusanya. Huitwa *jimpitan*. Mume wangu alikuwa amekaa darasani muda mrefu akisoma Kiindonesia cha vitabuni, lakini Kiindonesia cha kuchekea alikipata kwenye ronda, kati ya saa tano na saa nane usiku, akiwa na kahawa na karanga.

Mwanamke anayeshinda nyumbani ana darasa lake kila asubuhi: pikipiki ya *tukang sayur*, muuza mboga, iliyotundikwa mifuko kila upande. Inasimama, akina mama wanatoka. Toka hata kama hununui. Taja vitu kwa kuvishika: *bayam* ni mchicha, *singkong* ni muhogo, *daun singkong* ni kisamvu, *terong* ni bilingani, *nangka* ni fenesi. Umbea wa mtaa unasemwa hapo kwa mchanganyiko wa Kiindonesia na Kijava, kwa kasi ambayo hakuna mwalimu atakayekupa.

Msiba ukitokea, tangazo hutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, nanyi nendeni siku hiyohiyo. Huhitaji kujua la kusema. Kaa kitini chini ya turubai, toa bahasha mlangoni, sema *turut berduka cita*, pole. Wajava wengi Waislamu husoma *tahlilan* kwa siku saba, kisha ya arobaini, ya mia moja na ya elfu moja. Hitima na arobaini tunazijua, ya elfu moja itakuwa mpya. Harusi na shughuli zina *rewang*, akina mama kukusanyika jikoni kupika. Chukua kisu chako, uombe kazi ya kukata vitunguu. Kwenye jiko la shughuli hakuna anayekusahihisha sarufi, wanakuhitaji.

Kijava kiasi gani?

Nchi hii ina lugha zaidi ya 700. Kiindonesia kilitangazwa lugha ya umoja na vijana tarehe 28 Oktoba 1928, miaka 17 kabla ya uhuru, na hakikuwa lugha ya kabila kubwa kuliko yote. Mtanzania anaelewa uamuzi huo bila kuhubiriwa. Lakini maana yake ni kwamba majirani wenu wa Yogyakarta wakiwa peke yao watazungumza Kijava, ambacho kina madaraja: *ngoko* kwa wa rika na wa chini, *krama* kwa wa kuheshimiwa. Kukosea daraja ni jambo zito kuliko kukosea tarakimu.

Ushauri wangu: mwaka wa kwanza Kiindonesia tu, pamoja na maneno machache ya krama yasiyoweza kuudhi. *Monggo*, karibu. *Nggih*, ndiyo. *Mboten*, hapana. *Matur nuwun*, asante. *Pinten*, bei gani. Usijifunze ngoko kutoka kwa vijana wa mtaani kisha ukaitumia kwa bibi wa jirani. Watoto watafundishwa Kijava shuleni, hata maandishi yake ya zamani, *hanacaraka*, na kazi za nyumbani zitakuja. Usijaribu kuzifanya mwenyewe. Mpeleke mtoto kwa mzee wa jirani na daftari lake. Mzee atafurahi, mtoto atajifunza krama, nawe utakaa pembeni usikie.

Watoto, na Kiswahili chao

Shule ya msingi ya serikali, *SD negeri*, ndiyo itakayowafundisha kwa kasi. Sare ni nyekundu na nyeupe, Jumatatu kuna gwaride la bendera, na mwezi Agosti, kuelekea tarehe 17, kuna mashindano ya kukimbia ndani ya magunia na kula *kerupuk*, kitafunwa kikavu cha kukaanga, iliyoning'inizwa kwa kamba bila kutumia mikono. Mtoto ambaye hajui maneno kumi anaweza kushinda hayo, na akishinda ana marafiki. Alasiri, watoto wa Kiislamu huenda TPA, ambayo ni chuo chetu cha Kurani kwa jina jingine. Wakristo watakuta makanisa yenye shule za Jumapili mjini kote. Popote penye kikundi cha watoto, mpeleke.

Ujumbe wa kikundi cha wazazi una mwandiko wake: *yg* ni *yang*, *dgn* ni *dengan*, *tdk*, *sdh*, *blm*. Ujumbe wa heshima huanza na *mohon izin*, naomba ruhusa. Bandika orodha hiyo kwenye jokofu.

Watoto wenu wataulizwa kama wanatoka Papua, upande wa mashariki wa Indonesia wenye watu weusi kama sisi. Wataguswa nywele, wataombwa picha. Waandaeni nyumbani kwa jibu lililo kamili: *Kami dari Tanzania, di Afrika Timur*. Wafundisheni pia *maaf, jangan dipegang ya*, samahani, usiguse tafadhali, kisha wao ndio waamue lini walitumie. Mtoto akirudi ameumia moyo, zungumza na mwalimu uso kwa uso na kwa utaratibu. Walimu wetu wamesikiliza kila tulipokwenda hivyo.

Miezi ikipita mtaona kitu kingine: mnauliza kwa Kiswahili, mnajibiwa kwa Kiindonesia. Hapa nawasihi msilegee. Sheria yetu ni kwamba ndani ya geti ni Kiswahili, nje ya geti ni Kiindonesia, na mgeni akiwapo tunahamia kwa mgeni. Yogyakarta iko mbele ya Tanga kwa saa nne, kwa hiyo simu ya saa mbili usiku humkuta bibi saa kumi jioni akiwa barazani. Mwachieni bibi awasimulie hadithi, mara kwa mara, bila nyinyi kutafsiri. Na msimfanye mtoto mkalimani wenu hospitalini, uhamiaji au benki. Anabebeshwa mambo ya watu wazima, nanyi mnabaki nyuma.

Jikoni

Pika vya nyumbani kwa maneno ya hapa. *Kelapa parut* ni nazi iliyokunwa, mashine ya sokoni inakukunia, mbuzi si lazima. *Santan* ni tui: *kental* ni zito, *encer* ni jepesi. Viungo vyote vipo: *kunyit* manjano, *jahe* tangawizi, *serai* mchaichai, *kayu manis* mdalasini, *kapulaga* iliki, *asam jawa* ukwaju. Kisamvu cha nazi kina ndugu yake hapa, *gulai daun singkong*, ila majani hawayatwangi. Nilipompelekea jirani bakuli la kisamvu cha kutwanga aliniita jikoni kwake siku iliyofuata nimwonyeshe, na mazungumzo ya siku hiyo yalijaza kurasa za daftari. Jirani akikuletea chakula, bakuli lisirudi tupu.

*Gudeg*, chakula cha Yogyakarta, ni fenesi changa lililopikwa kwa tui na sukari ya mnazi au ya mitende mingine kwa saa nyingi. Ni tamu. Wapeni watoto nafasi ya kuizoea.

Na *cengkeh*, karafuu, ni mlango wa mazungumzo na wazee wa kiume. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huku Indonesia, ikafika Unguja na Pemba karne ya 19, na baadaye Indonesia ikawa inanunua karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za *kretek*. Aina mojawapo ya mikarafuu inayopandwa sana hapa leo inaitwa Zanzibar. Mwambie mzee unatoka ng'ambo ya maji kutoka Zanzibar, kisha msikilize.

Kozi, na mahali pa kwenda

Kozi za wageni huitwa BIPA. Universitas Gadjah Mada wanayo, chuo cha Sanata Dharma nao wanayo. Kama fedha ni za mtu mmoja, asome yule anayeshinda nyumbani. Anayekwenda chuoni atapata lugha kwa njia nyingine. Kamusi ya taifa, KBBI, iko mtandaoni bure. Ukitaka cheti kuna mtihani wa UKBI.

Soko la Beringharjo nendeni asubuhi, mjifunze tofauti ya *batik tulis*, iliyochorwa kwa nta kwa mkono, na *batik cap*, iliyopigwa mhuri. Vaa kitenge siku hiyo. Vitenge vilianza kwa Waholanzi kuiga batiki ya Java kwa mashine karne ya 19, na wauzaji hupenda kuvigeuzageuza kutafuta ufanano. Ila mkienda Kraton, jumba la Sultani, msivae batiki ya mchoro wa *parang*. Ni mchoro wa watu wa jumba hilo. Mwezi wa Mfungo Sita msikose *Sekaten*: gamelan mbili za Kraton, seti za ala za shaba za kugonga, hupigwa kwa siku kadhaa kwenye uwanja wa Masjid Gedhe kuadhimisha Maulidi, kisha siku ya mwisho hutolewa *gunungan*, milima ya vyakula, watu wakapata mafungu yao. Anayetoka kwenye maulidi ya pwani ataona jambo analolijua likiwa na ngoma nyingine.

Idi ya kufungua mwezi, *Lebaran*, jiandaeni mapema. Watu wengi hurudi kwao, *mudik*, kwa hiyo nunueni chakula cha siku kadhaa, maduka na muuza mboga watapotea. Walio na wazee mtaani hubaki na kupokea wageni. Baada ya sala mtaa mzima huzungukana nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa wazee, na kila mtu humwambia mwenzake *mohon maaf lahir dan batin*, naomba radhi ya dhahiri na ya moyoni. Semeni wote, hata mdogo kabisa. Wekeni mezani vyupa vya vibiskuti, na bahasha ndogo zenye noti mpya kwa watoto watakaokuja. Noti mpya zibadilisheni benki wiki mbili kabla, foleni huwa ndefu.